Hema Halisimami Penye Udongo

Kwa maelezo ya Arlys Brekke, nyasi za kina Tverberg ziliuawa na uvivu. Ndivyo alivyowasimulia wenzake kanisani, ndivyo alivyomsimulia mleta barua, na ndivyo alivyomsimulia fundi wa mabomba aliyefika kwake kwa shughuli nyingine kabisa. Kwamba Curt Tverberg, mwanamume mzima mwenye mikono miwili, alimwacha yule mtu wa theluji wa plastiki, pambo la kujazwa upepo kwa umeme, mrefu kupita mlango wa gereji, alale chali juu ya nyasi tangu Krismasi hadi mwezi wa tatu, ameishiwa upepo na kujaa maji ya barafu, mpaka nyasi zilizokuwa chini yake zikaoza kama mboga iliyosahauliwa sufuriani. Kwamba majani yaliyopukutika hayakuzolewa. Kwamba mkewe, Janelle, aliyaona yote hayo dirishani kila asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, asitikisike.

"Mimi sisemi kitu," Arlys alikuwa akimalizia. "Nasema tu."

Alichoacha kusema ni kwamba mtu wa theluji alikuwa mali ya kamati ya mtaa, na mwenyekiti wa kamati ya mtaa alikuwa yeye Arlys. Mtaa wenyewe unaitwa Kilima cha Korongo. Kilima hakuna, na korongo hajawahi kutua hapo hata kwa kupotea njia. Kuna nyumba thelathini na nane za rangi tatu zilizoruhusiwa, na mbele ya kila nyumba kuna kipande cha nyasi ambazo hakuna ng'ombe atakayezila. Mwezi wa kumi, kamati ilipotafuta pa kufanyia Halowini, ile sikukuu ya mizimu na peremende, ya mtaa mzima, ilipita nyumba hadi nyumba na kila nyumba ikawa na udhuru wake. Kwa kina Brekke kulikuwa na mabomba ya maji yaliyofukiwa chini ya nyasi. Kwa wengine kulikuwa na mbwa mzee, mama anayeumwa mgongo, nyasi zilizotandikwa juzi. Ikabaki nyumba ya pembeni, ya kina Tverberg, ambao hawakuwa na mabomba chini ya nyasi wala ulimi wa kukataa.

Basi wakaja. Yakaja makaburi ya povu, mifupa ya plastiki na marobota ya majani makavu. Wakaja watoto mia mbili na wazazi wao, wakazunguka jioni nzima kwenye manyunyu, wakinywa juisi ya moto ya tofaa iliyochemshwa na Janelle. Mwezi wa kumi na moja kamati ikasimamisha hapohapo bata mzinga wa kupulizwa, wa sikukuu ya Shukrani, na bata mzinga alipoondoka akaja mtu wa theluji na vigingi vyake kumi na viwili. Theluji ya kweli ikawahi kuanguka, vigingi vikagandia ardhini, na kamati ikasema tusubiri iyeyuke. Ilipoyeyuka hakuja mtu. Curt ndiye aliyeving'oa vigingi, akamkunja mtu wa theluji na kumbeba mpaka kwa mwenyekiti, akaambiwa asante, mweke pale.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Kilima cha Korongo mambo ni kinyume: nyasi zikishaumia, hapo ndipo tembo huanza kupigana.

*

Barua ililetwa na posta, ingawa kutoka mlango wa Arlys hadi mlango wa Janelle ni hatua thelathini. Ilikuwa Jumanne, wiki ya pili ya Aprili. Janelle aliisoma amesimama jikoni, nguo zake bado zinanuka viazi vya kukaanga vya shule anakofanya kazi ya kupika.

"Wanasemaje?" Curt aliuliza kutoka mezani. Curt ni dereva wa gari la kuondoa theluji la wilaya. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akimwaga chumvi barabarani wakati wenzake wamelala.

"Wanasema kamati imesikitishwa na hali ya nyasi zetu."

"Imesikitishwa! Na zilivyokanyagwa ilifurahishwa?"

"Ngoja. Hema letu la tarehe moja Juni, wanasema hawawezi kuliruhusu mpaka waje kukagua tarehe kumi na nane Mei. Sehemu nne kati ya tano lazima ziwe kijani. Zisipokuwa kijani, hakuna hema." Akaisogeza barua karibu na macho. "'Hema halisimami penye udongo.' Wameandika hivyohivyo."

Binti yao, Maren, alikuwa ameinua kichwa kwenye vitabu vyake. Alikuwa anamaliza shule mwaka huo, na kwao kila mtoto anayemaliza shule hufanyiwa sherehe nyumbani, watu waingie na kutoka mchana kutwa, wale, wasaini kitabu, watazame picha zake za utotoni zilizobandikwa ubaoni. Kadi tisini zilikuwa zimeshatumwa. Zilisema: nyumbani kwetu, chini ya hema.

"Lakini hema lenyewe si litaziua nyasi?" Maren aliuliza. "Watu mia juu yake, viti, meza..."

"Litaziua," alisema Curt.

"Kwa hiyo wanataka tuzifufue ili tuziue."

"Wanataka zife zikiwa kijani, mwanangu. Zikifa kahawia ni aibu kwa mtaa."

Maren akacheka, kisha akaacha. "Si tufanyie tu kanisani, mama? Kwenye ule ukumbi wa chini?"

"Kadi zimeandikwa nyumbani," alisema Janelle, akaikunja barua mara nne.

Curt alijua kwa nini. Wiki aliyomaliza shule Janelle ndiyo wiki shamba la baba yake lilipopigwa mnada, na keki yake ililiwa na watu waliokuja kutazama trekta. Tangu siku alipojifungua Maren, alikuwa amejiapia kwamba keki ya huyu italiwa na watu waliokuja kwa ajili yake.

*

Janelle si mtu wa kukurupuka. Siku nne za kwanza hakufanya lolote zaidi ya kutoka asubuhi, kuchota udongo kiganjani na kuufinya. Ukiganda kama unga wa maandazi, anaurudisha na kuingia ndani. Siku ya tano ukamvunjikia vidoleni, akachukua reki.

Alianza na yale mabaka yaliyolala, yenye ukungu wa kijivu ulioachwa na theluji, akayachana taratibu kama anayechana nywele za mtoto mwenye kidonda. Akazoa majani meusi yaliyokuwa chini ya bata mzinga. Pale aliposimama mtu wa theluji palikuwa na duara la udongo mtupu la hatua tano kwa tano, matundu kumi na mawili kuzunguka, na mfereji mwembamba uliopita waya wa umeme. Na pale palipopita miguu, kuanzia barabarani kupitia makaburi ya povu hadi kwenye sufuria ya juisi, ardhi ilikuwa imeshindiliwa ikawa sakafu. Uma wa shamba uligonga ukarudi.

Kwenye kona ya ukuta, chini ya upenu, karibu na bomba la nje, alikuta unyayo. Ulikuwa umekauka vilevile ulivyokanyagwa mwezi wa kumi: buti la kike, na kwenye kisigino nyota. Janelle aliutazama sana. Usiku ule wa juisi ni mtu mmoja tu aliyesimama hapo kwa bomba, akimwelekeza namna ya kupunguza sukari. Akaupita na reki bila kuugusa.

Jumamosi Curt alikodi ile mashine ya kutoboa ardhi, inayotembea ikichomoa vidonge vya udongo na kuvitema juu. Ilimrusha kama punda, lakini walimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hawajanawa mikono, simu ikalia.

"Janelle, mpenzi, ni Arlys. Mimi sisemi kitu, nasema tu. Kuna bata bukini wamepita kwenu?"

"Hapana."

"Basi ni mbwa? Maana naona kinyesi nyasi nzima, na watu wananipigia."

"Ni udongo, Arlys. Tumetoboa ili ardhi ipumue."

"Ooh. Na utaondolewa lini?"

"Utayeyuka wenyewe mvua ikinyesha. Ndivyo inavyotakiwa."

"Ndivyo inavyotakiwa," Arlys akarudia, kwa sauti ya mtu anayeandika.

Jumapili Janelle alitandaza mboji nyembamba, akapanda mbegu, akazipitia kwa mgongo wa reki na kuzifunika majani makavu. Akazungushia kamba na kufunga vitambaa vyekundu, shuka kuukuu alilolichana. Kuanzia hapo alikuwa akimwagilia mara mbili kwa siku, kabla ya kwenda kazini na baada ya kurudi, kidogokidogo, ardhi ilowe isielee. Mtaa mzima ulikuwa ukimtazama kupitia mapazia. Hakuna aliyekuja kumsaidia kushika mpira wa maji, ingawa wote walikuja kunywa juisi.

*

Mume wa Arlys anaitwa Vern, na nyasi za Vern zina mistari, mmoja mzito, mmoja mwepesi, kama shati la mwenye benki. Amestaafu. Anazikata kila siku ya pili, na akimaliza husimama na kuzitazama kwa namna ambayo, wanasema majirani wenye ulimi, hajawahi kumtazama Arlys.

Jumatano ile Curt alikuwa likizo, na Vern akamwita kutoka ng'ambo ya mpaka.

"Bwana Tverberg! Naona mkeo anafanya kazi."

"Anafanya."

"Na wewe?"

Curt akakohoa. "Nilisukuma mashine."

"Aa, mashine." Vern akatabasamu kwa upole kabisa, na upole huo ulimkwaruza Curt kuliko tusi. "Sikiliza, mwanaume kwa mwanaume. Tarehe kumi na nane si mbali. Nimekusitiri kwenye kamati, lakini siwezi kukusitiri milele. Hii hapa." Akavuta kutoka banda lake gunia lililokatwa mdomo, limebaki nusu. "Hii ndiyo siri yangu. Kila mwaka, mwezi wa nne, kabla ya kitu chochote. Unaona gugu kwangu? Hata moja?"

"Sijawahi kuona."

"Basi. Chukua. Sitaki kitu."

"Nitakulipa."

"Curt, Curt. Kamwage tu. Au nije nikuonyeshe?"

Hapo ndipo alipomgusa pabaya. Mtu aliyemwaga chumvi kwenye barabara za wilaya miaka kumi na tisa, usiku, upepo ukivuma, haonyeshwi namna ya kumwaga. Curt alilibeba gunia begani, akatia zile chembe za manjano kwenye kimwagio chake, akapita nyasi zote kwa urefu, kisha kwa upana, mwendo mmoja, mkono mmoja, bila kuacha pengo hata la kiganja. Janelle aliporudi kazini alimkuta amekaa ngazini, uso unamng'aa kama mtoto aliyefagia uwanja bila kutumwa.

"Umeweka nini?"

"Mbolea. Ya Vern. Ile ya siri yake." Akanyoosha kidole. "Tazama ilivyolala. Umewahi kuona kazi sawasawa kama hiyo?"

Janelle akatazama. Kweli ilikuwa imelala sawasawa. Akasema asante, na akamshika bega, kwa sababu siku nyingi hakuwa amemwona mumewe akijivunia kitu mchana.

*

Siku ya kumi hapakuota kitu. Siku ya kumi na mbili Janelle akapiga magoti, akafunua majani makavu na kupekua kwa ncha ya kisu. Mbegu zilikuwepo. Zilikuwa zimevimba, zimetoa mzizi mmoja mweupe, mfupi, uliovimba ncha kama kidole kilichobanwa na mlango, na hapo zikakoma. Alipekua mahali pengine, na pengine. Zote zilikuwa hivyohivyo.

Akaenda gereji, akalichukua lile gunia tupu, akaendesha gari mpaka duka la mbegu lililo karibu na reli. Muuzaji alikuwa mzee mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Aliligeuza gunia mgongo, akasoma maandishi madogo, akamtazama juu ya miwani.

"Uliweka hii juu ya mbegu?"

"Mume wangu aliweka. Tulidhani ni mbolea."

"Mbolea imo, lakini kazi yake hasa ni kuzuia magugu yasiote." Akaliweka gunia mezani taratibu, kama mtu anayetoa habari za msiba. "Sasa, mama, dawa hii haijui gugu wala nyasi. Inajua mbegu tu. Kila kinachotaka kuota, inakikataza."

"Kama kamati," alisema Janelle.

"Nini?"

"Hapana, si kitu. Itaisha lini?"

"Ukipanda kabla ya mwisho wa Agosti unalisha ndege. Agosti mwishoni, Septemba mwanzoni, hapo ndipo. Na kusema kweli, hata bila dawa, wakati mzuri ni huo: joto limepungua chini na magugu yamechoka." Akamwangalia tena. "Mna haraka?"

"Tuna kadi tisini."

Mzee hakuelewa, lakini akainamisha kichwa kwa heshima.

Janelle hakupitia nyumbani. Alisimama mbele ya nyasi zenye mistari, gunia mkononi, akasubiri Vern azime mashine.

"Vern, hii inazuia mbegu."

"Ndiyo," alisema Vern, kwa fahari kidogo. "Mia kwa mia."

"Nilikuwa nimepanda mbegu. Uliniona."

Vern akafikiri. Ilionekana usoni kwake kwamba kufikiri kulimwanzia mbali na kulifika kumechelewa. "Kila mtu anajua hilo, Janelle. Huwezi kuweka vyote viwili."

"Curt hakujua."

"Angeuliza."

"Onyo huandikwa sehemu ya juu ya gunia. Juu pamekatwa."

"Nilipakata mimi, ili kopo liingie." Na Vern akawasha mashine tena, maana mstari ulikuwa umebakia nusu.

Curt aliambiwa jioni hiyohiyo. Alikuwa amesimama dirishani, mikono mfukoni, anatazama vile vitambaa vyekundu vinavyopepea kulinda kitu ambacho hakipo.

"Niliimwaga sawasawa," alisema.

"Najua," alisema Janelle. "Haikupona mbegu hata moja."

Hakulitoa neno hilo kwa ubaya. Lakini likisha kutoka halirudi, na Curt akaenda kulala saa moja jioni, jua bado liko juu.

*

Tarehe kumi na nane walikuja watatu. Arlys alitangulia na ubao wa kuandikia. Nyuma yake alikuwa mwanamume mwenye utepe wa kupimia, na nyuma yake mwanamke ambaye kazi yake kwenye kamati, kwa kadiri mtaa ulivyojua, ilikuwa kukubali. Waliinua kamba ya vitambaa vyekundu, wakainama wakapita chini yake, na wakaanza kuzikagua nyasi kwa kuzikanyaga.

"Mvua ya jana haijakauka," alisema Janelle kutoka ngazini. "Mngetazama kutoka pembeni."

"Lazima tuwe wa haki, mpenzi," alisema Arlys. "Kutoka pembeni hatuoni yote."

Wakapima duara la mtu wa theluji. Wakapima njia ya juisi. Mwanamume wa utepe alikuwa akitaja namba, Arlys anaandika, na yule wa tatu anakubali. Nyasi za zamani zilizopona kwa kuchanwa na kutobolewa zilikuwa zimerudi, kijani kibichi, nusu ya uwanja na zaidi. Hata Vern, aliyekuwa akichungulia mpakani, alikiri. Lakini nusu na zaidi si nne kati ya tano.

Arlys alizunguka mpaka kwenye kona ya ukuta, karibu na bomba, akasimama kuhesabu. Alipoinua mguu, Janelle aliona. Kwenye udongo palikuwa na nyota ya mwezi wa kumi, na kando yake, mbichi, nyota ya leo. Zilikuwa sawa kama mapacha.

"Arlys," alisema Janelle. "Tazama chini."

Arlys akatazama chini. Alitazama kwa muda wa mtu anayesoma jina lake mwenyewe kwenye orodha mbaya. Kisha akauburuza mguu mara moja, mara mbili, nyota zote mbili zikafutika.

"Ndiyo," alisema, "na hapa pia ni udongo mtupu." Akaandika.

Hukumu aliisoma palepale, kwa sauti ya kanisani. Kamati inatambua juhudi. Kamati inajali kama jirani. Hema, hata hivyo, haliwezekani. "Lakini gereji mnayo," akaongeza, akiinama kupita chini ya kamba. "Gereji kubwa, safi. Watu siku hizi wanapenda gereji. Na mimi nitaleta keki za bamba, zile za kukata vipande, usihangaike."

Janelle alikuwa na maneno. Alikuwa nayo mdomoni tayari, yamepangwa. Lakini Maren alikuwa mlangoni nyuma yake, na akamsikia akisema polepole, "Mama, acha. Gereji ni sawa." Na kule kusema ni sawa, kwa sauti ya mtu mzima anayemsitiri mzee wake, ndiko kulikomuumiza kuliko hukumu.

*

Tarehe moja Juni jua liliwaka kama lililopewa hongo. Walikuwa wameosha gereji siku mbili, ikabaki na harufu ya mafuta chini ya harufu ya mikate na nyama ya nguruwe. Picha za Maren zilibandikwa kwenye ubao wa kutundikia nyundo na misumeno. Wageni mia walifika, wakasaini kitabu, wakala, na kwa kuwa ndani hapakuwatosha wote, wakamwagikia nje kwenye lami na kusimama hapo wamebanana, sahani mikononi, jua utosini, huku kando yao upo uwanja mzima uliozungushiwa kamba.

"Wanakula kama ng'ombe wanaosubiri lori," Maren alimnong'oneza mama yake, na wote wawili wakacheka mpaka Janelle akafuta macho. Kilichomtoka hakikuwa kicheko chote.

Mjomba mmoja wa Curt, mzee wa miaka themanini, alipoona kivuli cha mti upande wa pili akainua mguu kupita juu ya kamba.

"Nyasi! Nyasi!" alipiga kelele Arlys, nyama ya nguruwe bado mdomoni. "Mzee wangu, angalia nyasi!"

Mzee akarudisha mguu, akatazama kule alikokuwa anakwenda. Lilikuwa lile duara la mtu wa theluji.

"Nyasi zipi?" aliuliza.

Watu wakatazama sahani zao. Arlys akameza. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawa wa kamati walikuja tena na tena ndani ya mwaka mmoja, na kila mara mwenyeji alizidi kuugua. Janelle akamchukulia mzee kiti, akakifungua kivulini, katikati kabisa ya udongo, akamshika mkono na kumkalisha. Kisha akamletea kipande cha kwanza cha keki. Arlys alifungua mdomo. Curt, aliyekuwa hajasema neno kubwa tangu siku ya gunia, akasimama mbele yake na bakuli la saladi ya viazi.

"Ongeza, Arlys," alisema. "Hiyo uliyonayo imeisha."

*

Wiki ya mwisho ya Agosti Maren aliondoka kwenda chuo. Siku ya pili yake Janelle alikodi tena mashine. Safari hii kila gunia lililoingia nyumbani lilisomwa mbele na nyuma, kwa sauti, na Curt ndiye aliyesoma. Wakatoboa, wakatandaza mboji, wakapanda, wakafunika, wakafunga vitambaa. Mbegu alizimwaga Curt, kwa urefu, kisha kwa upana.

Siku ya saba asubuhi, Janelle alitoka na kahawa yake, akaona juu ya udongo kitu kama pumzi ya kijani. Hakumwita mtu. Alikaa ngazini mpaka kahawa ikapoa.

Mpaka mwisho wa Septemba nyasi zilikuwa zimefungamana. Zilikuwa laini, nene, za rangi ya kitunguu kibichi, na pale lilipokuwa duara hapakujulikana tena. Zile za Vern, baada ya kiangazi cha kukatwa fupi ili mistari ionekane, zilikuwa zimeanza kuungua kwenye mistari ile mizito. Watu waliotembea na mbwa wao jioni walivuka barabara ili wapite upande wa kina Tverberg.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi Janelle alikuwa akimwagilia, kidogo tu, kwa sababu hazikuhitaji zaidi. Alisikia hatua zikikoma kwenye njia ya waendao kwa miguu.

"Zimependeza," alisema Arlys. "Mimi siku zote nilimwambia Vern, wale watafika tu."

Janelle aligeuka. Arlys alikuwa na ule ubao wa kuandikia kifuani, na miguuni yale mabuti. Alikuwa amesimama kwenye saruji, ncha za viatu zikigusa ukingo wa nyasi, hajazikanyaga.

"Kamati ilikutana jana," alisema Arlys. "Kuhusu Halowini. Watu wameuliza wenyewe, sikuwatuma. Wanasema mwaka jana kwenu kulikuwa na raha, na juisi yako bado wanaitaja. Na kwetu unajua, yale mabomba." Akacheka kidogo. "Na mtu wa theluji tumemziba, havuji tena. Tumefikiri, kwa kuwa sasa nyasi zenu ndizo imara kuliko zote mtaani..."

Maji yalikuwa yakitoka kwenye mpira kwa mchirizi mwembamba. Gereji ilikuwa wazi. Ndani, Curt alikuwa ameacha kupiga nyundo.

Janelle alizitazama nyasi, kisha akamtazama Arlys miguuni, kwenye visigino, kwa muda. Akausogeza mpira wa maji, taratibu, hatua moja kuelekea ukingoni. Arlys akarudi nyuma nusu hatua, akafuta tone kwenye karatasi yake, akachomoa kalamu.

"Ni siku moja tu, jirani," alisema. "Niandike ndiyo?"

Janelle akainama, akakaza fundo la kitambaa chekundu lililokuwa limelegea, akasogea kwenye kigingi kingine.

"Janelle? Niandike?"